Dumu la mawese na kompyuta: watu wanavyodhani kuhusu uigaji wa maada laini

Fungua dumu la mawese hapa Kigoma wakati wa kipupwe. Juu utakuta mafuta mekundu yanayotiririka, chini uji mzito usiotaka kumiminika. Ni kimiminika au yabisi? Vyote viwili kwa pamoja: fuwele ndogo za mafuta zimeshikana zikafanya wavu, na mafuta ambayo hayajaganda yamenaswa ndani yake. Vitu vya aina hiyo, pamoja na povu la sabuni, rangi, jeli na plastiki, wanafizikia wanaviita maada laini. Wapo watafiti ambao kazi yao ni kuviiga kwenye kompyuta, na ukiwataja kijiweni Mwanga hukosi kusikia yafuatayo.

"Hayo ni mambo ya jikoni, siyo fizikia."
Mwaka 1991 Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi yake juu ya polima (molekuli ndefu kama minyororo, zilizomo kwenye plastiki) na fuwele za kimiminika. Hilo tuliache.

"Kompyuta inakurudishia kile kile ulichoiambia."
Hii ndiyo ngumu kung'oa, kwa sababu nusu yake ni kweli. Mtafiti huipa kompyuta kanuni: chembe zinavutana vipi, zinasukumana vipi, joto ni kiasi gani. Lakini kanuni siyo jibu. Chukua matufe magumu yasiyovutana hata kidogo, yanayogongana tu na kuachana. Ukiyasonga, yatajipanga yenyewe kuwa fuwele? Mwaka 1957, kwenye mkutano wa wanafizikia huko New Jersey, George Uhlenbeck aliwapigisha wenzake kura juu ya swali hilo, nao wakagawanyika nusu kwa nusu. Waliokataa hawakuona kitu kisicho na mvuto kingepangwa na nini.

Mwaka huohuo Berni Alder na Thomas Wainwright walichapisha hesabu walizofanya kwa kompyuta huko California, wakitumia matufe machache mno, 32 na 108. Yalijipanga. Hakuna aliyeandika kwenye programu amri ya kuyapanga. Sababu ni nafasi: machungwa yaliyomwagwa ovyo kwenye tenga hubanana yakiwa yamejaza takriban asilimia 64 tu ya nafasi, ilhali yaliyopangwa vizuri yanaweza kufika asilimia 74. Kwa hiyo, msongamano ukiwa uleule, tufe lililo kwenye mpangilio lina nafasi zaidi ya kutikisika kuliko lililo kwenye vurugu. Mpangilio umeletwa na uhuru wa kucheza! Mimi sijaona jambo la kushangaza zaidi katika fizikia nzima ya karne iliyopita, na najua wapenzi wa mashimo meusi watanipinga.

"Uigaji mzuri lazima uwe na kila atomu."
Ukifuata kila atomu, kompyuta hupiga hatua za femtosekunde moja au mbili; femtosekunde ni sekunde iliyogawanywa mara milioni moja, kisha kila kipande mara bilioni moja. Kwa hatua za femtosekunde mbili, sekunde moja ya povu la sabuni ingehitaji hatua trilioni 500. Ndiyo maana watafiti hukusanya atomu kadhaa na kuzihesabu kama punje moja. Kielelezo kiitwacho Martini, kilichotoka Groningen, Uholanzi, hufanya molekuli nne za maji kuwa punje moja. Kuamua ni nini kitupwe na nini kibaki, hapo ndipo ufundi ulipo, na unaweza kukuumbua: katika toleo la Martini la mwaka 2007 maji yaliganda kwenye nyuzi joto 17 hivi za Selsiasi. Kasulu wangeamka na barafu kwenye ndoo. Watunzi wake waliongeza punje maalumu za kuzuia kuganda, na kazi nyingi nzuri juu ya utando wa seli zikafanyika kwa kielelezo hichohicho.

"Bila kompyuta ya mamilioni huwezi."
Kwa kazi kubwa, sawa. Ila programu za GROMACS na LAMMPS hupatikana bure, na jaribio la matufe mia moja halisumbui kompyuta mpakato ya kawaida.

"Siku hizi maabara haina kazi."
Matokeo ya 1957 yalisubiri kuthibitishwa maabara hadi 1986, Peter Pusey na William van Megen walipotengeneza vijipira vya plastiki visivyofika hata mikromita moja kwa upana, wakavitia kwenye kimiminika na kuona fuwele zikitokea kwa macho. Kompyuta ilikuwa imetangulia kwa karibu miaka 30, lakini bila vile vijipira tungebaki na kanuni iliyotii kanuni. Na mambo mengine hayahitaji uigaji wowote. Mfanyabiashara wa Mwandiga anayetaka kujua kama mawese yake yataganda kabla hayajafika sokoni, kipimajoto kinamtosha.