Eti ukiolewa na RC (Mkatoliki) lazima ubatizwe upya?

Huku Tabora ukitaka kuona madhehebu yalivyotugawa hudhuria kikao cha harusi bwana ni RC na binti ni Moravian (dhehebu la Kiprotestanti), mashangazi wote wanageuka walimu wa dini hapohapo.

Linaloongoza ni hilo la kubatizwa tena. Sio kweli jamani. Kanisa Katoliki linautambua ubatizo wa Moravian, Walutheri na Waanglikana, maadamu ni wa maji na kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, kwahiyo binti akihamia anafundishwa, anapokelewa, anapewa kipaimara (sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu) basi, maji hamwagiwi tena. Na hata kuhama kwenyewe sio lazima! Ndoa mseto ipo, kibali kinaombwa kwa askofu, yule Mkatoliki anaahidi kufanya awezavyo watoto wabatizwe Katoliki na mwenzake anaambiwa hiyo ahadi mapema (hapo ndo vikao huwaka moto, ila angalau mnagombania kitu kilichopo). Wanaobatiza upya waliobatizwa utotoni ni Wapentekoste na Wasabato, wao wanataka mtu aamini kwanza ndo azamishwe.

Lingine, eti Moravian walimeguka kutoka kwa Luther. Wapi! Wameanza 1457 huko Bohemia, Luther katoa hoja zake 1517.

Ila dhana inayonichosha zaidi ni kwamba babu zetu walikaa wakapima mafundisho wakachagua dhehebu. Chukua Urambo, pale walitangulia London Missionary Society (wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza), 1898 wakawaachia Moravian, na hayo yalikuwa makubaliano ya wazungu kwa wazungu. White Fathers, wamisionari wa Kikatoliki, nao walishafika Kipalapala karibu na Tabora mjini karne hiyohiyo ya 19. Sasa familia nyingi zimekuwa RC au Moravian kwa sababu misheni ya karibu ndo ilikuwa na shule na dawa, leo mjukuu anakuja kutunisha misuli kana kwamba alikuwepo kwenye mdahalo.

Simaanishi tofauti hakuna, zipo, na komunyo ndo kubwa yao, maana RC kwa kawaida hawampi asiye Mkatoliki. Ndo maana ndoa mseto kanisani kwa RC mara nyingi inafungwa bila misa, watu wa upande wa binti wananuna eti paroko kawadharau, kumbe ingekuwa na misa bwana harusi angeenda kupokea na bibi harusi akabaki kwenye kiti, mbele ya ukoo mzima.