Kagonga kichwa, kaamka, anaongea: hata hivyo aje hospitali

Damu kuvujia kichwani maana yake nini?
Mtu kaanguka na bodaboda, mshipa umepasuka ndani ya fuvu, damu inajikusanya na kuukandamiza ubongo. Fuvu ni mfupa, halitanuki.

Lakini aliamka, akaongea, hata chai akanywa. Si amepona?
Hapana. Damu inaweza kujaa taratibu kwa saa kadhaa huku mgonjwa anawajibu vizuri tu, kisha akazidiwa ghafla. Kila mara tunaambiwa: "Jana usiku alikuwa mzima, tukamwacha alale." Asubuhi anakoroma, haamshiki, mboni ya jicho moja imetanuka kuliko ya pili.

Tulidhani ni pombe.
Aliyelewa naye huvuja damu. Mleteni.

Tumpe dawa ya maumivu kwanza, tuone?
Hapana, jamani. Diklofenaki na aspirini zinaweza kuzidisha kuvuja damu. Alipoteza fahamu hata kidogo, anatapika, kichwa kinazidi kuuma, anasinziasinzia, kapata degedege, mkono umelegea, maji au damu inatoka puani au sikioni: usiku huohuo, hospitali. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ndugu mwingine aifuate polisi.

Upasuaji ni shilingi ngapi?
Bei hutofautiana kwa hospitali na bima. Ila kinachovimbisha bili mara nyingi ni siku za ICU, wodi ya mahututi. Kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, na chumba cha upasuaji vina bei yake, lakini mashine ya kupumulia inahesabiwa kila kukicha. Halafu mazoezi ya viungo, nepi, na dada mmoja kaacha genge lake amhudumie kaka. Msio na uwezo, muoneni afisa ustawi wa jamii hapohapo hospitalini. Msibaki nyumbani mkichangishana kwenye WhatsApp huku damu inajaa.

Akipasuliwa atapona?
Inategemea alifikaje. Utafiti wa Marekani wa 1981 ulifuatilia wagonjwa 82 walioletwa hawajitambui, damu imejaa chini ya utando wa ubongo. Waliopasuliwa ndani ya saa 4 walifariki asilimia 30. Waliochelewa zaidi, asilimia 90. Na madaktari wa upasuaji wa ubongo hawako kila wilaya. Rufaa ya kwenda MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, nayo inakula saa.

Bibi aliteleza bafuni wiki tatu zilizopita, sasa anachanganya majina ya wajukuu. Ni uzee?
Wiki tatu? Mleteni leo apigwe CT. Kwa wazee damu huweza kuvuja polepole hivyo, na mara nyingi daktari hutoboa tundu dogo tu kuitoa.