Kujifungua si lazima ulale chali

Wajawazito wengi hapa Uganda wanaamini kwamba anayejifungulia kituo cha afya sharti alale chali, miguu juu, na kwamba kupiga magoti au kuchuchumaa ni mambo ya kijijini. Imani hiyo haikutoka hewani: kitanda cha leba chenyewe kimeundwa hivyo, na mkunga humwona mtoto vizuri akitoka.

Ila mwili nao una hesabu zake. Mama akilala chali, uzito wa tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Ndiyo maana mimba ikishakua, wengi husikia kizunguzungu wakilala hivyo, wakigeukia ubavu wanapata nafuu. Akichuchumaa au kupiga magoti, nyonga hupata nafasi ya kufunguka, na uzito wa mtoto humsaidia kushuka. Aliyechoka hulala ubavu. Nao ni mkao halali kabisa. Chali ina kazi yake, kwa mfano wakati wa kushona msamba (sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa) uliochanika au kumvuta mtoto kwa kifaa, na anayezaa akiwa wima anaweza kupoteza damu zaidi kidogo.

Ukitaka kuhakikisha, usingoje uchungu uanze. Siku ya kliniki muulize mkunga (musawo ni mhudumu wa afya kwa Kiganda): "Musawo, nikitaka kupiga magoti hapa inawezekana? Nitandike wapi plastiki yangu ya kujifungulia?" Akikataa, uliza sababu. Hali yako au ya mtoto ni sababu moja. Ufinyu wa chumba ni nyingine.