Je, wajua kwa nini jicho halioni karata inayogawiwa kwa hila?

Katika mazingaombwe yenye maudhui ya kamari, msanii hutangaza mapema kwamba atajigawia ree nne mbele ya macho ya watu. Karata huchangwa, hukatwa na kugawiwa taratibu kwa wachezaji wanne, na mwishowe ree zote huonekana mbele yake. Inawezekanaje, ilhali watazamaji wameketi karibu na wanaitazama mikono yake tu?

Wengi hujibu kwamba mkono una kasi kuliko jicho. Jibu hilo si sahihi, kwa kuwa jicho hufuata mwendo wa mkono bila shida, na mwendo wa ghafla ndio unaolivuta zaidi. Siri yenyewe ni kufanana. Ubongo hauchunguzi upya kila tendo ambalo umekwisha kulizoea. Ukiona mkono umechukua karata kwa namna ile ile mara kumi, mara ya kumi na moja unajazia wenyewe kile unachotarajia. Hila huingia hapo, ikiwa haitofautiani na tendo la haki kwa mwendo, kwa kasi wala kwa sauti ya karata.

Chukulia mgawo wa karata ya pili. Pakiti hulala katika kiganja cha kushoto, kidole cha shahada kikiizuia kwa mbele, vitatu vikiishika ubavuni na gumba likiwa juu. Katika mgawo wa haki, gumba husukuma karata ya juu upande wa kulia, na mkono wa kulia huichukua. Katika mgawo wa hila, gumba huisukuma vilevile, lakini mkono wa kulia unapofika huchukua karata iliyo chini yake, huku gumba likiirudisha ile ya juu mahali pake. Msanii akijua kwamba karata ya juu ni ree ya kopa, anaweza kuwagawia wengine wote na kuiacha pale juu mpaka zamu yake ifike.

Kwa sababu hiyo mwanafunzi makini haanzi na hila. Anaanza kwa kugawa karata za haki, kwa muda mrefu, mpaka aujue mwendo wa mikono yake mwenyewe, kisha anaifinyanga hila ifanane nao. Wanaoruka hatua hii hupata hila yenye kasi ambayo kila mtu huitambua, kwani mabega hukakamaa na macho hutazama chini pale pale inapotendeka. Hata kioo kina mtego wake: wengi hupepesa macho kwa wakati ule ule bila kujijua, na hivyo hujificha kosa lao wenyewe. Kujirekodi kwa simu ni bora zaidi, hasa simu ikiwekwa mahali ambapo mtazamaji angeketi.

Kwa mkazi wa Dodoma kuna jambo jingine la kuzingatia, nalo ni hewa. Katika miezi mirefu ya kiangazi ngozi ya vidole hukauka, na gumba lililokauka huteleza juu ya karata badala ya kuisukuma. Tone dogo la glisirini iliyozimuliwa kwa maji, likikolea kabisa kabla ya kushika pakiti, hurudisha mshiko. Vumbi nalo huingia kati ya karata na kuzifanya zikwaruzane, kwa hiyo ni vyema zirudishwe kwenye kasha kila baada ya zoezi, na zoezi lifanyike juu ya kitambaa kizito, si juu ya meza tupu.

Kwamba vidole ndivyo vinavyofanya kazi, na si macho, kunathibitishwa na Richard Turner wa Marekani, ambaye haoni na bado anahesabiwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa karata duniani. Kabla yake, Dai Vernon, mzaliwa wa Kanada, alisikia habari za mcheza kamari aliyeweza kugawa karata kutoka katikati ya pakiti, akamsaka mpaka akampata katika mji mdogo wa Missouri. Wote wawili walijifunza kutoka katika kitabu kilichochapishwa Chicago mwaka 1902 na mtu aliyejiita S. W. Erdnase, ambaye jina lake halisi halijathibitishwa hadi leo. Kitabu hicho kilisisitiza jambo tunalolieleza hapa: tendo la hila na tendo la haki yafanane.

Zipo pia mbinu zisizohitaji hila ya mikono hata kidogo, na kwa maoni yangu hizi ndizo nzuri kuliko zote. Ukigawanya karata 52 katika mafungu mawili ya 26 na kuzichanganya moja moja, ya fungu hili kisha ya lile, bila kukosea na bila kuiondoa ya juu kabisa, pakiti nzima hurudia mpangilio wake wa awali baada ya mara nane. Ifuatilie karata ya pili kutoka juu: huenda nafasi ya 3, kisha 5, 9, 17, 33, 14, 27, na mara ya nane hurudi ya 2. Mtazamaji huona pakiti iliyovurugwa, kumbe hakuna kilichovurugwa.

Mtu akitaka kujua kama mgawo wake umeiva, amwombe mchezaji wa karata wa kila siku aketi mbele yake amtazame akigawa, akichanganya migawo ya haki na ya hila, na aseme “hapo” kila anapodhani ameona hila. Mtazamaji huyo akiituhumu migawo ya haki mara nyingi sawa na ile ya hila, jicho lake halina tena cha kushika.