Je, wajua kwa nini kaswida za Ramadhani hupenda kina cha "ani"?

Sikiliza kaswida ya Ramadhani kwa Kiswahili, kisha ya Kituruki, kisha ya Kiurdu. Hata usipoelewa neno, sikio litanasa jambo: mara kwa mara mistari huangukia "ani" au "an". Kwa miaka mingi niliamini kwamba kuna wimbo mmoja wa Kiarabu na waliobaki wametafsiri. Kosa hili halina utetezi, maana tafsiri ndiyo inayoua vina kwanza. Chukua ubeti wowote wa Kiswahili uupeleke katika lugha nyingine: maana itafika, vina vitaachwa njiani. Zingekuwa tafsiri tupu, kila lugha ingetua kwake.

Kilichosafiri zaidi ni maneno. Kiarabu kina tamati ya "-aan". Mzizi, yaani konsonanti za msingi za neno, r-m-dh, wa joto kali, ukaipokea tukapata Ramadhan. R-h-m, wa rehema, ukazaa Rahman. Mzizi wa kusoma ukazaa Qur'an. Imani imejipenyeza tu, kwa kuwa "n" yake ni ya mzizi wenyewe, lakini wimboni nani atakagua?

Yafikirie maneno haya kama ndugu walioshonewa kanzu zenye pindo moja. Wakihamia mji mwingine, fundi wa huko hurekebisha kanzu, ila hurekebisha zote kwa mtindo wake uleule. Mturuki hugeuza "dh" kuwa "z", akasema Ramazan. Amegusa kifua, pindo limebaki. Mswahili hapendi neno liishe kwa konsonanti, hivyo huongeza "i" kwa wote: Ramadhani, Rahmani, Kurani, Shaabani. Pindo limerefuka, lakini limerefuka sawasawa, na undugu bado unaonekana.

Kwetu "i" hiyo imeleta bahati. Ra-ma-dha-ni sasa ni mizani nne, nusu kamili ya kipande cha mizani nane: "Umefika Ramadhani". Tena mlango umefunguliwa kwa nyumbani na njiani, ambazo "-ni" yake ni ya Kibantu. Kwa hiyo si kila "ani" ya kaswida ina nasaba ya Kiarabu.

Wala si kila mtunzi hukitaka kina hicho. Mshairi Kazi Nazrul Islam, aliyeandika kwa Kibangla, lugha ya Bangladesh, mwaka 1931 wimbo maarufu wa kumalizika kwa mfungo, aliegemeza kina cha mwanzo kwenye Eid, yaani Idi. Ramadhani akaiweka mapema ndani ya mstari, mahali ambapo haidaiwi kina.