Opera ni nini, na jamii inaihitaji kwa lipi?

Opera ni tamthilia ambayo wahusika wake huyaimba maneno yao, yote au sehemu kubwa, badala ya kuyasema, huku okestra, yaani kundi la wapiga ala, ikienda nao. Wengi huita opera kila wimbo wenye sauti za juu, lakini pasipo kisa kinachoigizwa hakuna opera, hata kama mwimbaji ana sauti ya kupasua kioo.

Sanaa hii ilizaliwa Italia mwishoni mwa karne ya 16, ikiwa burudani ya makasri ya wakubwa, hadi mwaka 1637 ulipofunguliwa ukumbi mjini Venice ambako yeyote mwenye kiingilio aliweza kuketi na kusikiliza.

Tabora haina jumba la opera, lakini mkazi wa hapa hahitaji kusafiri ili aielewe. Ijumaa Kuu, Mateso ya Bwana yanapoimbwa, mmoja huwa Kristo, mwingine Pilato, na kwaya nzima hugeuka umati unaodai asulubiwe. Kwaya inapoamua kuyaigiza pia, majuma kadhaa kabla yake utamkuta mwalimu akiandika nota za sol-fa (do, re, mi) ubaoni, besi wakirudishwa mstari mmoja mara ya kumi, na fundi cherehani, pini zikiwa mdomoni, akimpima Pilato joho mabegani. Seremala naye anadaiwa kiti cha hukumu. Hapo ndipo ninapoiona thamani ya opera kwa jamii: ni kazi isiyokamilika mpaka mtunzi, mshonaji, mpiga ngoma na seremala wakutane kwenye kisa kimoja, na kila mmoja anamfundisha kijana aliye karibu naye.

Hubert Ogunde, mtunzi na mwigizaji wa Nigeria, alianzia huko huko kanisani. Mwaka 1944 aliandaa mjini Lagos igizo la kuimbwa lenye kisa cha Biblia. Baadaye kundi lake lilizunguka miji likiimba kwa Kiyoruba, na mgomo mkuu wa wafanyakazi wa 1945 ukawa kisa cha igizo jingine, jambo ambalo wakoloni hawakulifurahia. Wataalamu waliuita mtindo huo opera ya Kiyoruba. Lugha ya nyumbani ilipata jukwaa, na habari za mjini zikapata wimbo.

Unyamwezi, nchi inayoizunguka Tabora, haukosi visa vya namna hiyo. Mtemi Isike wa Unyanyembe, alipozingirwa na Wajerumani Januari 1893, alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake kuliko kujisalimisha. Shuleni kisa hicho hupita kwa mistari michache. Jukwaani kingedai mengi: askari waimbe upande wao na wanawake wa boma upande wao, Kinyamwezi kisikike, ngoma ya Wanyamwezi iitwayo Hiari ya Moyo ipigwe mapema, watu wakiwa bado wana furaha, kisha inyamaze ghafla mtemi anapoishika baruti.