Kifundo cha mkono kimevimba na kina moto? Usikikande

Maswali haya nayasikia kila mara kutoka kwa wavuvi wa Lamu na jamaa zao.

Mume wangu alichomwa na mwiba wa samaki aitwaye tafi. Siku ya tatu kifundo cha mkono kimefura, hawezi kushika hata kikombe. Ni nini?

Huenda kiungo kimeingia usaha. Bakteria hupitia kidonda au huletwa na damu kutoka kwingine mwilini. Mara nyingi ni stafilokoko, anayekaa kwenye ngozi zetu wenyewe. Kwa vijana hata kisonono hufika kwenye viungo. Najua watu huona haya kulisema hilo. Liseme. Kiungo huvimba, huwa cha moto, na kuuma hata kikisogezwa kidogo. Homa si lazima iwepo.

Tumkande kwanza kwa mafuta ya simsim?

Hapana.

Lakini mamangu alikandwa akapona.

Mamako aliteguka, bibi. Huu ni usaha. Usaha hula gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, na gegedu ikishaliwa hairudi. Uharibifu huanza ndani ya saa chache, si wiki. Napokea mikono iliyokandwa siku 5, imefungwa majani, ina chale za wembe, kisha naulizwa kwa nini vidole havikunjiki. Msikande, msichanje, msichome kwa maji ya moto.

Basi tumnunulie antibiotiki dukani?

Pia hapana. Vidonge vichache hutuliza homa tu, usaha unabaki. Tena majimaji ya kiungo yakivutwa baadaye, vijidudu huenda visiote maabara, na daktari akakosa kujua ampe dawa gani.

Hospitali watafanya nini?

Watavuta majimaji kwa sindano. Eksirei peke yake haitoshi, maana siku za mwanzo huweza kuonyesha mifupa mizima kabisa. Maabara hutafuta vijidudu, na pia fuwele za jongo (gauti), kwani jongo nalo huvimbisha hivihivi. Wakikuta usaha, kiungo huoshwa kwa kupasua wazi au kwa upasuaji wa kamera.

Upasuaji wa kamera ni upi?

Mgonjwa hutiwa ganzi au hulazwa usingizi, na mkono huning'inizwa kwa vidole ili kiungo kifunguke. Daktari hutoboa matundu madogo upande wa mgongo wa mkono, akaingiza kamera yenye unene wa milimita 2 hivi. Huosha kiungo kwa maji mengi ya chumvi ya hospitali, hufyonza usaha, huondoa nyama iliyooza na kuchukua kipande cha kupima. Kidonda ni kidogo kuliko cha kupasua wazi, na kama ni kifundo hicho kimoja tu kilichougua, mara nyingi mgonjwa hutoka mapema. Wengine huoshwa mara ya pili. Antibiotiki huendelea kwa wiki kadhaa, na zimalizwe!

Si kila hospitali ina kamera hiyo. Kupasuliwa wazi leo ni bora kuliko kungoja kamera wiki ijayo.

Tungoje mashua ya kesho kutwa, nauli iwe nafuu?

Leo, bibi. Leo. Kodini mashua, ombeni jirani, lakini avuke kwenda Mokowe, upande wa bara, leo ikiwa amepewa rufaa ya hospitali nyingine. Akifika aseme alichomwa lini, ametumia dawa gani, kama ana kisukari, na alikula saa ngapi mara ya mwisho. Mkono asiupake kitu.